Nakala Kwanza

Otia alishuka na basi la alfajiri kutoka Racha,
kompyuta ameiviringisha kwenye sweta ya kijani
kama mkate usiotakiwa kupoa.
Theluji ilikuwa bado mabegani mwake.
Akaiweka mezani pangu, chini ya ngazi, Kutaisi,
akasema, "Haiwaki."
Kisha akajisahihisha:
"Inawaka. Haiamki."

Nilimwelewa. Feni inazunguka, taa ya buluu inakonyeza,
halafu giza, na mstari mmoja mweupe
unaolalamika kwamba hauoni pa kuanzia.

Kijana wa duka la ng'ambo ya daraja
alishamwambia: tupige fomati, tupakie mfumo mwingine,
saa moja tu, lari arobaini, itakuwa kama mpya.
"Kama mpya," Otia akarudia,
kama anayetema mbegu. "Mpya ya nini?"

Ndani mna mizinga.
Miaka kumi na tisa ya mizinga:
uzito wa kila mmoja, kila Jumamosi,
lini migunga ilichanua, lini ukungu ulikataa kuondoka,
malkia yupi alikufa, yupi alishika kiti,
mtungi gani ulikwenda kwa nani
na nani mpaka leo hajalipa.
Mali bila daftari huisha bila habari.
Yeye daftari alikuwa nalo;
lilijifungia ndani, na ufunguo likabaki nao.

Nikamwambia neno ambalo wateja wangu hulichukia:
leo sitengenezi kitu.
Leo nanakili.

Skrubu kumi na moja nikazibandika kwenye karatasi,
kila moja mahali pake, maana mbili ni fupi
na fupi ikiingia pa ndefu, ni maneno mengine.
Betri nje. Vumbi. Chembe za nta.
Na kwenye feni, nyuki mkavu,
mguu umenasa.
Otia aliinama, akamtazama kwa miwani.
"Wa Agosti huyu," akasema.

Nikaitega diski sikioni: tk, tk, kimya, tk.
Diski ya namna hii ina pumzi za kuhesabu.
Kila unapoiwasha kujaribu bahati
unazila zake, si zako.
Basi usiiandike kitu, hata jina lako.
Nikaiunganisha na nyingine, tupu, kubwa mara mbili,
nikawasha mashine kwa flashi yangu
inayosoma tu, mikono nyuma.

Asilimia nne. Chai.
Asilimia tisa. Jirani anapiga msumari, nikampigia kelele.
Penye ugumu programu huruka, hukumbuka, husonga,
itarudi usiku kubisha tena taratibu.
Arobaini na moja, ikasimama.
Nikaondoa mikono juu ya kila kitu.
Kazi ngumu kuliko zote za ufundi huu
ni kukaa.
Otia alikuwa amelala kitini, mdomo wazi.
Arobaini na mbili.

Asubuhi, kwenye nakala, si kwenye ile mgonjwa,
nikakiunga kipande kidogo cha mwanzo
kinachoiambia mashine: anzia hapa.
Kitufe.
Giza. Giza refu.
Kisha mizinga, buluu na njano, imepangwa mlimani,
na pembeni kivuli cha kidole gumba cha mpiga picha.
"Kidole changu," akasema Otia, na kukificha mfukoni.

Faili tatu zilipotea. Nikamsomea majina.
Mbili risiti za sukari. Ya tatu, elfu mbili kumi na moja.
Nilikuwa nimeanza kuomba radhi.
"Mwaka wa utitiri," akanikata.
"Ilibaki mizinga miwili.
Huo uache huko ulikokwenda, Nestan.
Sijawahi kuufungua."

Alilipa lari ishirini na mtungi wa asali nyeusi.
Nikamwambia aweke nakala nyingine, nyumba nyingine.
Akafikiri nyumba zote anazozijua.
Sasa iko rafuni pangu, kati ya koleo na kebo,
nimeibandika karatasi:
OTIA. USIANDIKE JUU.